Kukimbia na Kukimbilia



Yeyote aliyepata kulala Kikwajuni, mtaa ule wa Ng'ambo ulio karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja mjini Unguja, ajua ya kuwa kabla jua halijachomoza husikika mambo mawili. Kwanza ni adhana ya alfajiri, kutoka misikiti mingi kwa wakati mmoja. Kisha, watu wakiisha kuswali, husikika vishindo vya miguu barabarani, na sauti za watu wakiimba na kuitikiana. Hao ni watu wa mazoezi. Wamo vijana waliozaliwa na pumzi ya farasi, wamo akina mama waliojifunga hijabu na kuvaa raba, wamo wazee walioambiwa na daktari kwamba sukari yao imepanda na shindikizo la damu halishuki. Hukimbia taratibu, hupita Maisara penye upepo wa bahari, hupinda Kilimani, kisha hurudi makwao kabla ya saa za kazi. Na kila tarehe 1 Januari vikundi hivyo hukusanyika kwa wingi na kwenda hadi Uwanja wa Amaan, maana Zanzibar huiadhimisha siku hiyo kuwa siku ya mazoezi.

Leo twataka kusema juu ya mbio. Huenda msomaji atauliza kama ukurasa huu umegeuka kuwa wa michezo. La. Mtume Paulo hakuona haya kuwahubiri watu kwa habari za mbio. Alipowaandikia Wakorintho, watu ambao karibu na mji wao ilifanyika michezo mashuhuri ya Isthmia, aliwaelekeza macho kwa mkimbiaji anayejinyima mengi kwa ajili ya taji la majani litakalonyauka. Na alipokuwa mzee, kifungoni, akingoja kuuawa, alimwandikia Timoteo kwamba mwendo ameumaliza. Mtu anayetaja mbio katika saa kama hiyo hafanyi mzaha.

Lakini hata kabla ya kumwendea Mt. Paulo, lugha yetu wenyewe ina neno la kutufundisha. Twasema mtoto anakimbia uwanjani. Tena twasema fulani amekimbia vita, amekimbia deni, amemkimbia mkewe. Neno ni lile lile moja. Kwa Kiswahili mtu anayefanya mbio kwa furaha na mtu anayetoroka kwa hofu hawatengani mpaka tuulize: anatoka wapi, naye anakwenda wapi? Ongeza herufi chache tu, useme "kukimbilia", na mara mambo yamegeuka; sasa yuko mtu au mahali panapongoja mbele. Hapo ndipo lilipotoka neno kimbilio. Nasi Wakatoliki katika Litania twamwita Mama Bikira Maria Kimbilio la wakosefu, pengine kwa miaka mingi, bila kufikiri kwamba ndani ya jina hilo mna mbio, na ya kuwa mkosefu naye yampasa kuiamsha miguu yake.

Tutasema habari yetu wenyewe, ingawa yatutia haya.

Miaka kadhaa iliyopita tulikaa Kikwajuni kwa muda wa miezi mingi. Tulikuwa tumemzika ndugu yetu wa baba mmoja na mama mmoja, ambaye kwa miaka miwili hatukusema naye hata neno. Sababu ilikuwa nyumba ya urithi. Hatutaisimulia, kwani karibu kila ukoo una habari ya namna hiyo, na zote zafanana. Yeye aliugua siku chache tu. Tulikuwa tukisema tutakwenda kumtazama Jumapili, akafa Ijumaa. Tulisimama kaburini kama watu wengine, tukatupa udongo kama watu wengine, na matanga yalipokwisha hatukukanyaga tena nyumbani kwa mjane wake, aliyekaa Mazizini na watoto wawili. Kutoka Kikwajuni hadi Mazizini si safari. Lakini kuna njia ambazo urefu wake haupimwi kwa maili.

Basi usingizi ukatukimbia. Tulikuwa tukikaa barazani tangu saa tisa za usiku mpaka kuche. Jirani yetu, mzee mmoja Mwislamu, fundi seremala, aliyekuwa mkubwa wa kikundi kimoja cha mazoezi, alituona siku nyingi akitoka kwenda msikitini, wala hakusema kitu. Mwisho, asubuhi moja, alisimama mbele ya baraza.

"Sabalkheri, bwana. Naona taa yako haizimwi. Vaa viatu twende."

Tulimjibu kwamba hatuna viatu vya mbio.

"Basi vaa ulivyo navyo."

Hatukuwa na udhuru mwingine. Tulivaa viatu vya kuendea kazini, tukamfuata.

Juma la kwanza lilikuwa adhabu. Kifua kiliwaka moto, kichomi kilitushika ubavuni, na akina mama wenye umri wa mama zetu walitupita wakizungumza habari za bei ya samaki. Mzee yule alitupa shauri moja ambalo twalipitisha kwa kila msomaji anayetaka kuanza: "Usishindane na vijana. Kimbia kiasi cha kuweza kusema na mwenzio. Ukishindwa kusema, tembea." Tukafanya hivyo. Tulitembea zaidi ya kukimbia. Mwezi haukwisha, tukaona jambo ambalo hatukulitazamia. Asubuhi moja pale Maisara, bahari ikianza kupata rangi, pumzi na miguu vilipatana kama wapiga makasia wawili waliozoeana. Kichwa, ambacho kwa miezi kilikuwa kikisema peke yake mchana na usiku, kilinyamaza. Si kwamba huzuni iliondoka. Ilikuwapo, lakini ilikaa mahali pake, haikukalia kiti chote. Usiku ule tulilala mpaka adhana ikatuamsha.

Wataalamu wa mwili wanayo maelezo yao. Kwa miaka mingi walisema ni endofini, yaani dawa ambayo mwili hujitengenezea wenyewe ya kupunguza maumivu. Uchunguzi wa miaka ya karibuni waelekea kuonyesha kwamba jamii nyingine ya kemikali za mwili, endokanabinoidi, ndiyo yenye sehemu kubwa katika furaha ile. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri watu wazima wapate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, si kwa ajili ya moyo na damu tu, bali pia kwa sababu hupunguza sononeko na wasiwasi. Hatuna ugomvi na elimu hiyo. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuumba mwili, na hakuna ajabu yeyote ikiwa ameweka ndani yake dawa kwa ajili ya roho. Mkristo asiyeutunza mwili wake kwa kudhani kwamba ndiyo utakatifu amekosea, kwani ni mwili huu huu tunaoungojea ufufuko wake.

Tukajifunza pia kusali njiani. Salamu Maria yaenda vema na hatua za miguu. Nusu ya kwanza kwa kuvuta pumzi mara kadhaa, nusu ya pili vivyo hivyo. Fungu moja la Rozari lilitufikisha toka Kikwajuni hadi baharini. Tulipokosa hesabu hatukujisumbua. Wenzetu waliokuwa kando yetu walikuwa wakimtaja Mungu kwa namna yao, kwa sauti ndogo, nasi kwa namna yetu, na barabara ilitutosha sote.

Lakini sasa twafikia jambo lililotufanya tuandike. Furaha ile ya asubuhi ilianza kuwa fupi. Ilipofika adhuhuri ilikuwa imeyeyuka, na mahali pake ukarudi uso wa ndugu yetu. Tukaongeza mbio. Tulikimbia asubuhi, tukakimbia na jioni. Tukaacha kuandika barua, tukaacha kuitikia wageni, tukawa wepesi wa miguu na wazito wa kila kitu kingine. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku moja tulipokuwa tukifunga kamba za viatu kwa mara ya pili siku ile ile, fundi seremala alituangalia, akasema:

"Bwana, wewe hukimbii. Unakimbizwa."

Akaingia kwake. Maneno hayo yalitukaa kama mwiba.

Usiku ule tulifungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, tukasoma habari za nabii Elia, nasi twawasihi wasomaji waisome tena, sura ya 18 na ya 19 pamoja, bila kukata kati. Juu ya mlima Karmeli Elia ameshinda. Mvua imekuja baada ya ukame. Mkono wa Bwana u juu yake, naye anafunga nguo yake na kwenda mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu hadi Yezreeli. Ni mbio za furaha kuu. Lakini malkia Yezebeli anapompelekea tishio, mtu yule yule, kwa miguu ile ile, anakimbia kuokoa nafsi yake hadi jangwani, anajitupa chini ya mti na kuomba afe. Mungu afanya nini? Hamkemei. Hamwambii kwamba nabii hakimbii. Ampeleka malaika na mkate na maji, amwacha alale, amwamsha, amlisha tena, kisha ampa mahali pa kwenda. Mwoga yule aliyetoroka apata safari. Mbio zake hazikukomeshwa, zilielekezwa.

Tukakumbuka habari nyingine, ya siku zetu. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, kwa mara ya kwanza iliingia uwanjani timu ya wakimbizi, watu 10 wasio na bendera ya nchi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini, waliokuwa wameishi katika kambi ya Kakuma huko Turkana, kaskazini ya Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Walifunzwa huko Ngong, karibu na Nairobi, katika kituo cha Tegla Loroupe, bingwa wa Kenya wa mbio ndefu, ambaye ndiye aliyeiongoza timu ile. Rose Nathike Lokonyen alibeba bendera ya Olimpiki mbele ya wenzake, kisha akakimbia mita 800. Hakupata nishani. Watu hao walikuwa wameikimbia vita ya kwao wakiwa watoto, na miguu iliyowaokoa ndiyo waliyoileta uwanjani mbele ya dunia nzima. Mkimbizi amekuwa mkimbiaji. Kiswahili chaweza kuyasema hayo kwa kubadili silabi moja tu au mbili, lakini kwa mtu huchukua miaka. Na wapo katika nchi yetu wenyewe, huko Kigoma, wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo ambao bado wanangoja kubadilishiwa silabi hizo.

Wengine huogopa kuanza kwa sababu wataonekana dhaifu. Hao na wamkumbuke John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, alianguka katika msongamano wa wakimbiaji, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Watu wengi walikuwa wamekwenda zao na giza limeingia, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kati ya watu 75 walioanza, 57 walimaliza, naye alikuwa wa mwisho wao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu. Miaka sita baadaye, huko Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia, nasi twajivunia hadi leo. Lakini tumeona kwamba watu wakiwa katika taabu, jina linalowajia ni la yule aliyechechemea. Tena watu husahau kwamba hakuwa mtu duni wa mbio; mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni.

Hapa tuseme neno kwa wazazi na kwa vijana wetu, maana barua hutufikia. Mbio nyingi za barabarani siku hizi hufanyika Jumapili asubuhi, na vijana kadha wa kadha wameanza kuikosa Misa Takatifu kwa ajili hiyo. Wengine hutujibu kwamba wanamwona Mungu katika mawio ya jua. Twaamini kwamba wanamwona. Hata sisi tulimwona pale Maisara. Lakini aliyemwona Mungu kwenye mawio ya jua na asimwendee mezani pake alipoalikwa, huyo anakimbia kwa ile maana ya kwanza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, yaturuhusu kutimiza wajibu wa Jumapili kwa Misa ya jioni ya siku iliyotangulia. Basi kijana na aende Jumamosi jioni, ashiriki Komunyo Takatifu, alale mapema, akimbie kwa moyo mweupe. Nao wazazi wasiwe wepesi wa kukataza. Twawajua baba wanaomruhusu kijana wa kiume kukimbia na kumzuia binti, kana kwamba asubuhi ya Pasaka aliyetoka mbio kaburini kuwapasha Mitume habari hakuwa mwanamke, Maria Magdalena.

Wala asiwepo wa kudhani kwamba kukimbia pamoja na jirani wa dini nyingine ni kupunguza imani. Vatikano yenyewe ilipotangaza chama chake cha wanariadha, Athletica Vaticana, mwezi wa Januari 2019, waliingizwa humo mapadre, masista, walinzi wa Kiswisi na wafanyakazi wa kawaida, na pamoja nao, kama wanachama wa heshima, vijana wawili wahamiaji Waislamu. Watu wa Kikwajuni hawakuhitaji kungoja mpaka mwaka 2019 ili wajue hilo. (Tungependa pia kusema machache juu ya hao wanaokimbia hatua mia, wakapiga picha, wakarudi kwa bajaji, lakini tuwaache, pengine kesho watafika mia mbili.)

Katika Injili yote hatukuona mbio zinazotushinda kwa uzito kama za yule baba katika sura ya 15 ya Mt. Luka. Kwetu pwani mzee mwenye heshima zake hakimbii barabarani. Watu wakimwona watauliza kuna moto wapi. Kwa Wayahudi nao haikuwa desturi. Lakini alipomwona mwanawe angali mbali, mzee yule alikimbia. Hakungoja mpaka asikie maneno ya toba yaliyopangwa vizuri. Mwana alikuwa amemkimbia baba, na sasa baba anamkimbilia mwana. Tulilisoma fungu hilo mara nyingi maishani, na siku zote tulijiona sisi ndio mwana. Kikwajuni, kwa mara ya kwanza, tulijiuliza mbona katika ugomvi wetu na ndugu yetu, ambaye alikuwa mdogo wetu, hatukuwahi kuwa baba.

Jumamosi iliyofuata tulitoka na kikundi kama kawaida. Kilipopinda Kilimani kurudi mjini, sisi hatukupinda. Fundi seremala alitazama nyuma mara moja, akaendelea na watu wake. Tukaishika barabara ya Migombani, peke yetu, tukisali matendo ya uchungu, na tulipofika tendo la nne tulikwisha kuiona mikungu iliyo mbele ya nyumba ya ndugu yetu huko Mazizini.

Shemeji alikuwa akifagia uwanja. Alipoona mtu anakuja mbio alfajiri ile, jasho likimtiririka, aliuacha ufagio ukaanguka.

"Shemeji! Kuna msiba gani tena?"

Tulimwambia hakuna msiba mpya. Tumekuja kwa ajili ya ule wa zamani. Tukataka kuendelea, lakini pumzi hazikutosha, na ikawa vizuri, kwa sababu hotuba tuliyoipanga njiani ilikuwa ndefu na ilikuwa na sehemu ya kujitetea. Tulisema neno moja tu, radhi. Yeye alisimama muda mrefu. Kisha akaleta kiti na kikombe cha maji, akakaa juu ya kizingiti.

"Alikungoja," akasema.

Hakuongeza, nasi hatukuuliza. Tulikunywa maji yale. Baada ya hapo tulizungumza juu ya ile nyumba, na jambo ambalo lilitushinda miaka miwili lilimalizika kabla uji wa watoto haujapoa. Jioni tulikwenda Minara Miwili tukapokea sakramenti ya Kitubio, na siku ya pili tulikaribia altare bila kukumbuka kwamba yuko mtu mwenye neno juu yetu.

Hatukuacha kukimbia. Kila tufikapo Unguja siku za Jumamosi twaishika barabara ile ile. Watoto wa marehemu wamekua. Hutungoja mbele ya mikungu, nao hutusindikiza hadi Migombani wakitucheka kwa mwendo wetu. Hapo huwarudisha nyumbani, maana saa tatu wana mafundisho ya katekisimu, na mama yao hapendi wachelewe.